Simu Isiyojibiwa: Mitambo ya Akiba na Nakala za Kumbukumbu katika Chumba cha Simu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu, wahasibu na wajumbe wa kamati za vyama wanachama)



Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1992, mara baada ya saa nane za usiku, kompyuta iliyokuwa ikipokea wito wa magari ya wagonjwa mjini London ilianza kwenda polepole. Haukupita muda mrefu ikasimama kabisa. Watumishi wa chumba cha simu walijaribu kuzima na kuwasha tena, lakini haikuamka. Habari za wito uliokwisha kupokelewa zilikuwa zimefungiwa ndani ya mtambo, na hazikuweza kuchapishwa. Huko nje, aliyepiga simu kwa ajili ya mgonjwa wake alikuwa ameketi akisikiliza mlio wa gari barabarani, maana simu yake ilikuwa imepokewa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chumba kile hakikukosa mtambo wa akiba. Kilikuwa na seva mbili, yaani kompyuta mbili kubwa zinazotunza kumbukumbu na kuhudumia kompyuta ndogo za mezani. Ya kwanza ikianguka, ya pili ilikusudiwa ishike kazi. Ilikuwa imekwisha nunuliwa na kuwekwa mahali pake. Haikushika kazi. Sababu zake zinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa zinafanana mno na mambo yanayoweza kutokea katika ofisi yoyote ya ushirika itakayofungua chumba cha simu.

Chumba cha simu ni mahali ambapo namba moja inayojulikana na watu wote hupokewa na wafanyakazi wengi. Simu ikiingia, mtambo huiweka kwenye foleni na kuipeleka kwa mpokeaji aliye huru. Papo hapo kompyuta humwonyesha mpokeaji huyo habari za anayepiga, na linaloamuliwa huandikwa. Basi kuna vitu viwili vinavyoweza kupotea. Kimoja ni uwezo wa kujibu, na cha pili ni kumbukumbu ya yale yaliyokwisha kusemwa. Kila kimoja kina kinga yake, na kinga ya kimoja haikingi cha pili. Mwanachama anayeuliza habari za malipo ya pili ya kahawa yake, au anayetoa taarifa kwamba gari la kuchukua pamba halijafika ghalani, hajui nyuma ya namba hiyo kuna seva ngapi, wala si kazi yake kujua. Yeye anajua tu kama amejibiwa au hakujibiwa.

Turudi London. Hapo awali kazi ilifanywa kwa fomu za karatasi. Mpokea simu aliandika mahali na tatizo, akaiweka fomu juu ya ukanda unaotembea, nao ukaipeleka kwa watu wa kugawa magari. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, na fomu ziliweza kupotea. Hakuna sababu ya kuusifu kupita kiasi. Tarehe 26 Oktoba 1992 uliondolewa kwa mkupuo mmoja, kwa eneo lote lenye wakazi wapatao milioni 6.8. Meza za chumba zilipangwa upya, watumishi wakajikuta wameketi mahali wasipopazoea, na karatasi zikaondolewa. Kompyuta mpya ilihitaji kujua kila gari liko wapi. Habari hizo zilipokosewa, ilipeleka magari mawili mahali pamoja, au ikachagua la mbali na kuliacha la karibu. Watu waliochoka kungoja walipiga simu tena, na kila simu ya pili ilirefusha foleni. Alasiri ya tarehe 27 uongozi uliamua kurudi nusu ya njia: wito uingizwe katika kompyuta kama kawaida, ila habari zake zichapishwe kwenye karatasi na magari yagawiwe na watu. Siku iliyofuata mkuu wa huduma hiyo alijiuzulu.

Kwa namna hiyo ya nusu kwa nusu kazi iliendelea wiki nzima. Kumbe ndani ya seva palikuwa na kasoro ndogo. Tume ya uchunguzi, ambayo taarifa yake ilitolewa Februari 1993, ilieleza kwamba yapata wiki tatu kabla ya tukio, mtengenezaji wa programu aliacha humo kipande kidogo cha maagizo kisichotakiwa. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilichukua nafasi kidogo ya kumbukumbu ya kompyuta, wala hakikuirudisha. Ni kama karani wa ghala anayeazima gunia moja tupu kila asubuhi, akilisahau. Siku ya kwanza hakuna anayegundua. Siku ya ishirini mkulima anafika na mazao yake, na magunia hakuna.

Na seva ya pili? Utaratibu wa kuhamia kwake ulikuwa umekusudiwa kwa mfumo kamili, ule usiotumia karatasi. Wakati huo mfumo kamili ulikuwa umekwisha kuwekwa kando, na kwa namna ya nusu kwa nusu iliyokuwa ikitumika, njia ya kuhamia haikuwa imetengenezwa wala kujaribiwa. Kwa maneno mengine, kazi ilibadilishwa na akiba ikasahauliwa. Hilo ndilo kosa lenyewe, na halikufanywa na kompyuta.

Kilichookoa hali ni mambo matatu ambayo mawili yake yalikuwa ya bahati. Ilikuwa usiku wa manane, simu zilikuwa chache. Watumishi wengi walikuwa bado wanakumbuka kazi ya karatasi, kwa kuwa waliiacha juzi tu. Tena simu zote zilikuwa zikirekodiwa kwenye mkanda wa sauti, na watumishi waliurudia mkanda huo kuhakikisha kwamba hakuna wito ulioachwa. Yafaa kuangalia hapo kwamba kumbukumbu iliyofaa kuliko zote ilikuwa katika chombo cha namna nyingine kabisa, kisichotegemea seva ya kwanza wala ya pili.

Hesabu ya akiba yenyewe ni nyepesi, na wauzaji wa mitambo hupenda kuionyesha. Tuseme kompyuta moja hufanya kazi vizuri kwa asilimia 99 ya mwaka. Ni sifa nzuri kuisikia. Lakini asilimia 1 iliyobaki ni siku 3 na saa 15 na ushee, na ikiwa siku hizo zitaangukia wiki ya kufungua msimu, hasara yake haina kipimo. Sasa ziwekwe kompyuta mbili za namna hiyo, kila moja ikiweza kubeba kazi yote. Uwezekano wa kuanguka zote mbili kwa wakati mmoja ni 1 katika 100 mara 1 katika 100, yaani 1 katika 10,000. Muda wa kunyamaza kwa mwaka mzima unashuka hadi kiasi cha dakika 53. Hii ndiyo maana kompyuta zenye kila sehemu mbili mbili, kama zile za Tandem ambazo wanunuzi walianza kuzipokea mwaka 1976, zilipendwa na mabenki na masoko ya hisa: sehemu moja ikifa, kazi inaendelea na mteja hana habari.

Ila hesabu hiyo ina sharti moja ambalo mara nyingi halisemwi. Ni kweli pale tu ambapo kuanguka kwa kompyuta moja hakuna uhusiano wowote na kuanguka kwa nyingine. Zikiwa zinakunywa umeme kwenye soketi moja, si mbili tena, ni moja. Zikiwa chini ya bati moja linalovuja, ni moja. Zikiwa na waya mmoja wa kutokea nje hadi mtambo wa kampuni ya simu, ni moja, na mchimbaji wa mtaro wa maji mwenye sururu anaweza kuzimaliza zote kwa pigo moja. Na kama nywila ya kuziendesha iko kichwani mwa fundi mmoja aliyekwenda likizo kijijini kwao, basi hata zingekuwa kumi, bado ni moja.

Kuna umoja mwingine uliojificha zaidi, nao ni wa programu. Tarehe 15 Januari 1990, mtandao wa simu za masafa marefu wa kampuni ya AT&T nchini Marekani ulilemaa kwa muda wa saa 9 hivi. Mitambo yake mikubwa ya kuunganisha simu ilikuwa 114, na kila mmoja ulikuwa umewekewa kinga: ukipata hitilafu ujipumzishe, ujirekebishe, kisha uwajulishe jirani zake kwamba umerudi kazini. Katika maagizo ya programu mpya palikuwa na kosa dogo, na kosa hilo lilikaa mahali penyewe pa kupokea habari za kurudi kwa jirani. Mtambo wa kwanza ulijirekebisha na kutoa taarifa; taarifa ikawaangusha jirani; nao walipoamka wakawaangusha jirani zao. Mitambo yote ilibeba programu ile ile, kwa hiyo yote ilibeba kosa lile lile. Aliye na nakala 114 za kosa moja hana akiba.

Mfano ulio karibu zaidi na chumba cha simu ni wa mwaka 2014. Nchini Marekani mtu mwenye dharura hupiga namba 911. Katika majimbo kadhaa, simu hizo zilipitia kwanza kituo kikuu kilichoko Englewood, jimbo la Colorado, ambako kompyuta ilizitambua na kuzielekeza kwa chumba cha dharura cha mahali husika. Kituo cha pili kilikuwa Miami, mbali kabisa, na kila kimoja kiliweza kubeba kazi ya kingine. Katika kanuni zote za akiba zilizotajwa hapo juu, hapa palikuwa pamefanywa vema.

Kompyuta ya Englewood ilipewa kazi ya kuipa kila simu namba yake ya utambulisho. Waliotunga programu waliweka kikomo cha namba hizo, nacho kilikuwa milioni 40. Bila shaka siku walipokiandika kilionekana kuwa kikubwa kupita mahitaji yote. Karibu na usiku wa manane wa tarehe 9 Aprili 2014, kwa saa za pwani ya magharibi, hesabu ilifika milioni 40 na kompyuta ikakoma kutoa namba. Simu isiyo na namba haikuweza kuelekezwa. Kwa muda wa hadi saa 6, vyumba 81 vya dharura katika majimbo 7 vilipungukiwa na simu au vilikosa kabisa. Watu zaidi ya milioni 11 waliishi katika maeneo hayo, na simu zaidi ya 6,600 zilipigwa bila kufika.

Swali linalokuja ni hili: Miami ilikuwa wapi? Miami ilikuwa nzima, macho wazi, ikingoja. Lakini mfumo ulikuwa umefundishwa kuhamisha kazi endapo kituo kitakufa, na Englewood haikuwa imekufa. Umeme ulikuwepo, taa zilikuwa zinawaka, kompyuta ilikuwa ikifanya kazi kwa bidii. Ila ilikuwa ikikataa simu moja moja. Mtambo ulitoa onyo, lakini onyo hilo lilikuwa limepangwa katika daraja la mambo madogo, basi halikumshtua mtu. Hatimaye wanadamu walitambua mahali pa ugonjwa na kuzielekeza simu Miami kwa mikono. Tume ya mawasiliano ya serikali ya nchi hiyo ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake Oktoba ya mwaka huo huo, nayo ilionyesha kwamba jambo lilikuwa la kuzuilika.

Mambo mawili ya pale yanafaa kuandikwa katika daftari la kila katibu. La kwanza ni kwamba mtambo usipimwe kwa kuuliza kama uko hai, bali kama kazi inatoka. Taa ya kijani kwenye seva haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni simu ya majaribio, inayopigwa kutoka nje kila baada ya dakika chache, ikapokewa na kuandikwa kama simu ya mwanachama yeyote. Isipofika, mtu aitwe. La pili ni kwamba kila mfumo una vikomo vilivyofichwa ndani yake. Ni haki ya mnunuzi kumtaka muuzaji avitaje kwa maandishi: mistari mingapi ya simu, wanachama wangapi, namba ya stakabadhi ya mwisho itakayokubaliwa, na nini kitatokea siku ya kufika hapo.

Hapa ndipo pa kugeukia kumbukumbu, maana wajumbe wengi hudhani kwamba chama chenye seva mbili zinazoandika kwa pamoja kimekwisha kuweka nakala. Sivyo hata kidogo. Seva mbili zinazoandika kwa pamoja ni kama karani na kivuli chake. Karani akiandika vizuri, kivuli huandika vizuri. Karani akichana ukurasa, kivuli nacho huchana. Mpango huo unakinga dhidi ya kuharibika kwa chombo, lakini haukingi dhidi ya mkono wa mtu wala dhidi ya wezi wa siku hizi wanaoingia katika kompyuta, wakafunga kumbukumbu zote kwa siri na kudai fedha ndipo wazifungue. Nakala ya akiba ni ile iliyochukuliwa saa fulani, ikatengwa, ikaachwa ilivyo.

Kampuni ya GitLab, ambayo hutunza kazi za watengenezaji wa programu wa nchi nyingi, ilipata somo hili mbele ya watu wote. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wake mmoja alikuwa akihangaika na seva ya pili iliyokuwa imeachwa nyuma na ya kwanza. Akaamua kufuta kumbukumbu za hiyo ya pili ili aanze upya. Alikuwa amechoka, na madirisha ya seva zote mbili yalifanana kwenye kioo chake. Alitoa amri ya kufuta katika seva ya kwanza. Alitambua kosa baada ya sekunde moja au mbili na kuizuia amri. Lakini kati ya ujazo wa gigabaiti 300 hivi zilisalia 4.5 tu.

Ndipo wakaenda kuzitafuta nakala. Nakala ya kila siku iliyodhaniwa kupelekwa ghala la mbali haikuwepo. Ghala lilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani lisilopatana na toleo la seva, kwa hiyo kila siku ilianza kazi, ikashindwa, ikaacha. Ilikuwa ikituma barua ya kuarifu kwamba imeshindwa, lakini barua hizo zilikataliwa mlangoni na mfumo wa posta ya kompyuta kwa kukosa sahihi iliyotakiwa. Njia nyingine ya kunakili diski nzima haikuwa imewashwa kwa seva hizo. Kilichopatikana ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya majaribio yake mengine. Kurudisha kwake kulichukua saa nyingi, kwa sababu ilikuwa kwenye diski za polepole. Kazi ya saa zile 6 ilipotea isipatikane tena: kumbukumbu za miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na wanachama wapya wapatao 700.

Yapasa kuisifu kampuni hiyo kwa jambo moja, kwamba haikumficha fundi wala kumtoa kafara. Iliandika yote peupe, saa kwa saa, na kueleza kwamba mtu mmoja aliyechoka anaweza kufuta, lakini ni utaratibu wa kampuni nzima uliofanya kila nakala ikose. Kamati nyingi za ushirika zingekuwa zimekwisha mwita karani na kumwandikia barua kabla ya kufungua ghala kuona kama mna kitu.

Nakala iliyopo nayo yaweza kuwa mahali pabaya. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la orofa tano la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, lililojaa seva za kukodisha, liliungua. Hakuna aliyeumia, lakini wapo wateja waliokuwa na seva na nakala zao katika jengo hilo hilo, na vyote viliteketea pamoja. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alizoea kuwafundisha wenzake kanuni fupi ambayo imeenea duniani: kumbukumbu ziwe tatu, juu ya vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali.

Wanaushirika hawana haja ya kuishangaa kanuni hiyo. Kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni kilikuwa kikiifuata kabla kompyuta haijafika mlangoni. Mkulima akipima mazao yake, karani aliandika mara moja na maandishi yakatokea mara tatu. Ya kwanza ilikwenda na mkulima, ya pili ikapelekwa chama kikuu, ya tatu ikabaki kitabuni. Ghala likiungua, stakabadhi ya mkulima ilikuwa nyumbani kwake, imekunjwa ndani ya sanduku pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Uzuri wa mpango ule ulikuwa mkubwa kuliko wingi wa nakala, kwa sababu kila nakala ilishikwa na mtu mwenye sababu yake mwenyewe ya kuitunza. Mkulima hakuhitaji kukumbushwa aihifadhi stakabadhi yake. Ilikuwa ni fedha yake. Karani asiye mwaminifu aliweza kubadili kitabu, lakini hakuweza kubadili sanduku la kila mkulima.

Kwa hiyo pale ambapo mizani imeunganishwa na kompyuta na kitabu cha kaboni kimewekwa kabatini, kamati iulize nakala ya mkulima imekwenda wapi. Ujumbe wa simu wenye namba ya stakabadhi, tarehe, uzito na daraja la zao, unaotumwa kwa mwanachama papo hapo, unafanya kazi ile ile ya karatasi ya kaboni. Vivyo hivyo kwa chumba cha simu: mwanachama aliyetoa taarifa apewe namba ya taarifa yake. Seva ikipoteza kumbukumbu, wanachama wenyewe wataleta vipande vyake, nao watakuwa na ushahidi mkononi. Asiyepewa kitu hubaki na neno lake tu dhidi ya kompyuta, na ni nadra sana kamati kuamua kinyume cha kompyuta.

Kuhusu gharama, si kila chama cha msingi kinahitaji vituo viwili kama Englewood na Miami, na muuzaji anayesema hivyo asikilizwe kwa hadhari. Kamati ianze kwa kujibu maswali mawili bila fundi kuwepo chumbani. Je, chumba cha simu kinaweza kunyamaza kwa muda gani kabla mwanachama hajadhurika? Na je, ni kazi ya muda gani ambayo chama kinaweza kukubali kuiandika upya? Chama cha akiba na mikopo kinachopokea marejesho ya mikopo kila saa hakitakuwa na majibu sawa na chama cha mazao ambacho kwa miezi mitano ya mwaka hakipokei simu ishirini kwa siku. Kama jibu la swali la pili ni siku moja, nakala ya kila jioni inatosha. Kama ni saa moja, nakala ya jioni ni udanganyifu, hata ikitunzwa vizuri namna gani.

Nakala inayokaa mbali ifungwe. Ndani yake mna majina ya wanachama, namba zao za simu, madeni yao na pengine sauti zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, hazitofautishi kati ya kumbukumbu iliyoko kwenye seva na ile iliyo kwenye diski katika begi la mhasibu. Nakala moja iwe haikuunganishwa na waya wowote, ili mwizi anayepitia kwenye mtandao asiifikie.

Lakini swali la kuulizwa katika kikao si kama nakala zimechukuliwa. Swali hilo hata GitLab wangelijibu ndiyo, tena kwa moyo safi. Swali ni lini mara ya mwisho nakala ilirudishwa katika kompyuta nyingine, ikafunguliwa, na salio la mwanachama mmoja aliyechaguliwa bila mpango likalinganishwa na kitabu. Nani alifanya hivyo, na ilichukua saa ngapi. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe. Fundi akisema kazi hiyo ni ngumu na ya hatari kuijaribu wakati wa amani, kamati imekwisha pata jibu lake.

Na mtambo wa akiba nao ujaribiwe kwa kuuzima ule wa kwanza kwa makusudi. Huo ndio mtihani wanaouogopa wengi, na ndio ambao London ya mwaka 1992 haikufanya. Ufanywe kila mara kazi inapobadilishwa, maana akiba iliyofaa mwaka jana ilikuwa akiba ya kazi ya mwaka jana. Usifanywe usiku na fundi peke yake. Ufanywe saa nne za asubuhi, siku ya kazi, kabla ya msimu kufunguliwa, na wapokea simu wa kawaida wakiwa mezani, wakiwemo walioajiriwa mwezi uliopita.

Katika zoezi hilo hilo ifunguliwe kabati ya fomu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, ambao ni miongoni mwa usiku wenye simu nyingi kuliko wote kwa magari ya wagonjwa, kompyuta ya London ilianguka tena, tangu nusu saa baada ya usiku wa manane hadi saa kumi na moja na robo alfajiri. Watumishi walichukua kalamu na karatasi wakaendelea kupokea wito. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita tangu ukanda wa fomu uondolewe, na baadhi yao hawakuwa wamezaliwa wakati ule. Kazi hiyo walikuwa wameandaliwa kuifanya.

Fomu za chumba cha simu cha ushirika ziwe zimechapwa na kuwekewa namba mapema, nakala mbili mbili kwa kaboni, pamoja na orodha ya namba za simu za makatibu wa vyama vya msingi iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa orodha iliyomo katika seva haitasomeka siku inapohitajika. Seva ikirudi, fomu ziingizwe na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na kila fomu iliyoingizwa igongwe mhuri siku hiyo hiyo. Zile zisizo na mhuri zibaki katika faili la peke yake juu ya meza ya katibu, wala zisirudishwe kabatini hadi ya mwisho itakapokuwa imeingizwa.